Mbegu za Chia: Loweka Kwanza, na Vidonge Usiache

(Maneno yaliyosemwa Dar es Salaam mbele ya kikundi cha watu wanaoishi na kisukari na presha, pamoja na wanaowauguza. Yamepangwa upya ili yasomeke.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema wanakikundi wanataka kusikia habari za "zile mbegu". Hakuzitaja kwa jina, nami sikuwa na haja ya kuuliza ni zipi. Muuza juisi anazo, duka la dawa linazo, supamaketi imezipanga mbele kabisa karibu na malipo, na kwenye simu zetu kuna ule ujumbe usiochoka kuzunguka: kunywa maji ya chia na limau kila asubuhi, kitambi kitakwisha, sukari itashuka, presha itatulia, na magoti yatapona. Kilichobaki ni kuambiwa italipa na ada ya shule.

Niseme mapema ninachoamini, ili anayetaka kusinzia asinzie akiwa ameshapata lake. Chia ni chakula kizuri, tena kwa watu wenye sukari na presha ni kizuri sana. Si dawa ya kisukari, wala haikai mahali pa vidonge. Na hatari yake kubwa haitokani na sumu. Inatokana na maji: ule ute unaoifanya imfae mtu tumboni ndio huohuo unaoweza kumkaba kooni.

Tuanze ilikotoka, maana mmea huu haukuzaliwa supamaketi. Kwao ni Mexico ya kati na kusini, na Guatemala. Wataalamu wa mimea wanauita Salvia hispanica, nao umo katika ukoo mmoja na mnanaa, rehani na kivumbasi. Ukiuona shambani hutashangaa: una shina la pembe nne kama la rehani, na maua madogo ya zambarau au meupe yaliyopangana kwenye suke.

Kabla Wahispania hawajafika, chia ilikuwa chakula cha kila siku katika dola ya Waazteki, pamoja na mahindi, maharage na mbegu za mchicha wa kwao. Mikoa iliyokuwa chini ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ililipa kodi kwa nafaka, na chia ilikuwa mojawapo. Hilo limechorwa kwenye Codex Mendoza, kitabu cha picha kilichotengenezwa Mexico miaka ya 1540, ambamo unaona maghala ya mahindi, maharage na chia yanayodaiwa kutoka mikoani. Hapo chia ni mali ya serikali, si kitu cha watu wanaofuata mitindo.

Na ilikuwa dawa pia. Katika karne hiyohiyo ya 16 mtawa wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, akishirikiana na wasomi wenyeji wa Kinahua, alikusanya vitabu 12 juu ya maisha ya watu wale, na dawa zao zimo. Waganga wa Mexico walitumia chia kwa tumbo, kwa kifua na kwa homa. Waliitumia hata kwa jicho: mchanga ukiingia, mbegu iliwekwa chini ya kope, ikavimba, ikatoa ute, na ule ute ukanasa kilichoingia. Tafadhali, hilo la jicho nalisimulia kama historia. Mtu asiende nyumbani kujijaribu. Mbegu ya dukani si safi kwa jicho, na kwa mwenye sukari jicho ni kitu cha kwenda nacho kliniki.

Kitu kingine walichojua, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, ni mafuta yake. Mafundi wa Michoacán, na wale wa Olinalá katika jimbo la Guerrero, walipaka mafuta ya chia kwenye vibuyu na masanduku ya mbao, wakachanganya na rangi, na yakikauka yanang'aa kama vanishi. Kwa nini mafuta ya kula yakauke yawe vanishi? Kwa sababu ni mepesi kushikana na hewa. Ndiyo yale mafuta ya omega-3 tunayosifiwa kila siku. Likumbukeni hili, maana nitakapofika kwenye namna ya kutunza unga wa chia nyumbani litatusaidia.

Baada ya ukoloni zao hili lilirudi nyuma, ingawa halikupotea. Mpaka leo Mexico wanakunywa agua de chía, maji baridi yenye limau na sukari na mbegu zikielea ndani, hasa siku za Kwaresima. Warárámuri wa milima ya Chihuahua, kaskazini mwa Mexico, watu wanaojulikana kwa kukimbia masafa marefu, nao wana kinywaji chao cha chia. Kilichoirudisha sokoni duniani ni utafiti wa kilimo ulioanza Argentina kaskazini-magharibi mwaka 1991, ambao Wayne Coates wa Chuo Kikuu cha Arizona alikuwa mmoja wa viongozi wake. Chia haitoi maua mpaka mchana upungue urefu, kwa hiyo nchi za baridi zenye mchana mrefu wakati wa joto zinaipa shida, ilhali nchi za joto kama zetu inazifaa. Ndiyo maana wakulima wa Uganda, Kenya na Tanzania nao wameingia.

Hapa pwani nina jambo la kuwanong'oneza. Nyinyi mmeshakunywa kitu kinachofanana na hiki tangu utotoni. Faluda ya Ramadhani ina vile vimbegu vyeusi vinavyovimba: tukmaria. Hizo ni mbegu za rehani. Si chia, ila ni binamu, na baadhi ya wauzaji wanaziuza kwa jina la chia kwa sababu jina hilo lina bei. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Tukmaria ni nyeusi moja kwa moja, na ukiitia maji, dakika chache tu zinatosha kuivisha koti jeupe la ute. Chia ina madoa: kijivu, kahawia, nyeupe, kama yai dogo la ndege fulani, nayo huchukua muda zaidi kuvimba. Tukmaria si mbaya, hata kidogo. Ila takwimu nitakazowapa sasa ni za chia, na ukinunua kimoja kwa bei ya kingine umeibiwa.

Haya, ndani yake mna nini? Gramu 100 za chia kavu zina nyuzinyuzi kama gramu 34, mafuta gramu 31 hivi, protini kama 17, na kalsiamu zaidi ya miligramu 600. Katika yale mafuta, zaidi ya nusu ni omega-3 ya mimea. Lakini hakuna anayekula gramu 100. Chukueni gramu 15, yaani kijiko kikubwa kimoja kilichojaa vizuri. Hapo unapata nyuzinyuzi kama gramu 5. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kwa hiyo kijiko kimoja kimekupa sehemu ya tano. Kwa watu ambao sahani yao ni ugali mweupe na wali, hiyo si kidogo.

Nyuzinyuzi zenyewe ndizo zinazotoa ute ule, unaovutika kama wa bamia. Ukila chakula cha wanga pamoja na ute huu, tumbo linakimiminisha polepole, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Si uchawi. Watafiti wa Toronto, Kanada, waliwalisha watu 11 wenye afya njema mkate uliotiwa chia, na mwaka 2010 wakaandika kwamba sukari baada ya kula ilipanda kidogo kuliko ilivyopanda kwa mkate mtupu, na kadiri chia ilivyoongezwa ndivyo mpando ulivyopungua. Ni watu 11 tu, na walikuwa wazima. Lakini njia ya kazi yenyewe inaeleweka, na inalingana na tunachokijua juu ya nyuzinyuzi nyingine za aina hiyo.

Kwa presha, timu hiyohiyo ya Toronto, ikiongozwa na Vladimir Vuksan, ilitoa matokeo mwaka 2007 juu ya watu 20 wenye kisukari cha aina ya pili. Kwa wiki 12 walikula chia, na kwa wiki nyingine 12 wakala pumba za ngano, kisha zikalinganishwa. Presha ya juu, ile namba ya kwanza mnayosomewa, ilishuka kwa takriban 6 walipokuwa kwenye chia. Sasa nisikilizeni vizuri. Watu hao walikuwa wanaendelea na matibabu yao. Hakuna aliyeacha kidonge. Chia ilikaa juu ya dawa, haikukaa mahali pa dawa. Mwenye presha ya 180 akitegemea kijiko cha chia kimshushie, namba sita zile hazitamwokoa na kiharusi.

Kitambi je? Najua ndicho kilichowaleta wengine hapa, hata kama mmejiandikisha kwa jina la sukari. Mwaka 2009 David Nieman na wenzake wa Appalachian State University, Marekani, waliwapa watu wazima wanene gramu 50 za chia kwa siku, wiki 12. Uzito haukushuka kuliko wa wale waliopewa kitu kingine. Wala haishangazi, kwa sababu gramu 50 za chia zina kalori karibu 240. Ukiziongeza juu ya chapati zako mbili bila kupunguza chochote, umeongeza chakula, basi. Mwaka 2017 watu wa Toronto walirudi na utafiti mwingine wa watu 77 wenye kisukari na uzito mkubwa. Wote waliwekwa kwenye mlo wa kupunguza kalori kwa miezi sita. Waliokuwa wanakula chia walipungua kilo 1.9, na wenzao kilo 0.3. Kilo moja na nusu hivi ya tofauti kwa nusu mwaka, na mlo umepunguzwa. Yule anayewauzia chupa ya "maji ya kukata kitambi siku saba" hajawaambia hayo. Na mkitazama chupa yenyewe mtakuta sukari vijiko vitatu.

Kuhusu omega-3, neno moja kwa wapenda samaki. Omega-3 ya mimea mwili unaigeuza kidogo sana kuwa ile ya samaki ambayo moyo na ubongo huitumia. Kwa hiyo chia isiwaondolee dagaa mezani. Dagaa ni wetu, ni wa bei nafuu kuliko pakiti ile, na kazi hiyo wanaifanya vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye usalama, na hapa ndipo nitakapokaa.

Mwaka 2014, kwenye mkutano wa madaktari wa tumbo wa Marekani uliofanyika Philadelphia, ilielezwa habari ya mwanamume wa miaka 39. Alichukua kijiko kikubwa cha chia kavu, akakitia mdomoni, akashushia na glasi ya maji. Mbegu zilivimba zikiwa njiani, ndani ya umio, zikawa donge la ute lililoziba kabisa. Saa nyingi alikuwa hawezi kumeza hata mate. Madaktari waliingiza kamera, na donge lile halikukubali kusukumwa na vyombo vya kawaida kwa sababu lilikuwa laini na la kuteleza. Mwishowe walitumia kifaa chembamba cha watoto wachanga kulisukuma kidogokidogo mpaka tumboni. Mtu huyo alikuwa na historia ya chakula kumkwama mara kwa mara, na hilo ndilo la kujifunza: kuna watu ambao koo lao tayari lina shida, na wengine wenu mmo.

Aliyepata kiharusi na bado anapaliwa na maji, asipewe chia mpaka mtaalamu wa kumeza au daktari amwangalie. Mzee ambaye meno yamekwisha na mate yamekauka kwa dawa, awe mwangalifu hivyohivyo. Mtoto mdogo asipewe mbegu kavu kuchezea mdomoni. Na mwenye sukari ya miaka mingi ambaye tumbo lake limekuwa zito, akila kidogo anajaa, anatapika chakula cha jana, huyo mishipa ya fahamu ya tumbo imeanza kuchoka. Kumwongezea kitu kinachochelewesha tumbo zaidi ni kumtesa.

Kwa wengine wote sheria ni moja: chia ivimbe nje ya mwili, isivimbie ndani. Kijiko kimoja kikubwa kwenye glasi nzima ya maji, koroga, subiri dakika tano, koroga tena isishikane chini, kisha iache nusu saa. Ukiweza ilaze usiku kucha kwenye friji. Au itie kwenye uji ukiwa bado wa moto, au kwenye mtindi. Wale wanaonyunyiza kavu juu ya matunda, kiasi kidogo na chakula chenye majimaji, sina ugomvi nao. Wale wanaorusha kijiko kikavu mdomoni kama karanga ndio ninaogombana nao.

Anza na kijiko cha chai, si kikubwa. Tumbo lililozoea ugali mweupe likiletewa nyuzinyuzi kwa ghafla litajaa gesi na kunguruma, na bi harusi wa jana atakukimbia. Baada ya wiki ongeza. Na kunywa maji mchana kutwa, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji hugeuka kuwa choo kigumu, yaani unapata ugonjwa uliokuwa unaukimbia. Ulaya, walipoiruhusu kuuzwa kwenye pakiti mwaka 2013, waliwataka wauzaji waandike isizidi gramu 15 kwa siku. Mimi nami sioni sababu ya mtu wa kawaida kuvuka hapo sana.

Dawa sasa. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vinavyosukuma kongosho, na ukaanza chia kwa bidii pamoja na kupunguza wanga, sukari inaweza kushuka kuliko ulivyozoea. Pima kidole mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, na ukitetemeka na jasho baridi likikutoka, kunywa kitu chenye sukari kwanza, maswali baadaye. Usipunguze dozi mwenyewe. Peleka daftari lako la vipimo kliniki, apunguze aliyekuandikia.

Kwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuyeyusha damu: vipimo vyenu vinategemea mlo usioyumbayumba. Msianze kitu kipya cha kila siku bila kuwaambia wanaowapima, wala msikiache ghafla baada ya kuanza. Wenye figo zilizochoka, chia ina fosforasi nyingi, zaidi ya miligramu 800 katika gramu 100, na potasiamu pia. Kwenu nyinyi si swali la kuuliza kwenye kikundi cha WhatsApp. Lipelekeni kwa mtaalamu wa figo. Na wote wenye vidonge: ute ule unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini, kwa hiyo mimi huwaambia watu wapishanishe kwa saa mbili hivi, na wenye dawa ya tezi ya shingo wamuulize mfamasia, kwa sababu hiyo inataka tumbo tupu zaidi. Mzio upo, ingawa ni nadra. Midomo ikivimba au ngozi ikiwasha baada ya kula, acha, na ukibanwa pumzi ni hospitali moja kwa moja.

Vijana, hili ni lenu. Mkiandika "salvia" kwenye simu kutafuta chia, mtakutana na ndugu yake mwingine wa Mexico, Salvia divinorum. Huyo si chakula. Wamazateki wa milima ya Oaxaca humtumia katika uganguzi, chini ya mganga, usiku, kwa taratibu zao, na pia kwa baadhi ya maradhi ya tumbo na kichwa. Ana kemikali inayoitwa salvinorini A, ambayo mwaka 2002 kundi la Bryan Roth lilionyesha kwamba hushika mlango mmoja maalumu wa ubongo na kumvuruga mtu fahamu hata kwa kiasi kidogo sana. Nje ya milima ile huuzwa kama kilevi, na nchi nyingi zimempiga marufuku. Jina la ukoo kuwa moja lisiwadanganye. Kitu chochote kinachouzwa mtandaoni kama "salvia" ya kuvuta, majani au dondoo, si cha mzazi wako mwenye presha, na si chako.

La mwisho ni utunzaji, na sasa wale mafundi wa Michoacán wanarudi. Mbegu nzima ina ganda, inakaa miezi mingi kwenye chupa kavu iliyofunikwa. Ukiisaga, mafuta yanakutana na hewa, na yale mafuta yanayokauka kuwa vanishi kwenye kibuyu yanaanza kuharibika kwenye kabati lako. Kusaga kuna faida: mwaka 2012 Nieman aliwapa wanawake waliokoma hedhi gramu 25 kwa siku kwa wiki 10, na omega-3 kwenye damu ilipanda kwa waliokula iliyosagwa, si kwa waliokula nzima. Basi saga kidogo, ya siku chache, weka kwenye friji. Kabla hujatia kwenye uji, nusa. Chia nzuri haina harufu ya maana. Ukisikia harufu ya rangi ya mafuta au ya samaki aliyelala, tupa, hata kama ulinunua kwa bei ya kuuma. Na kwa joto letu hili, usinunue unga uliokaa juani kwenye dirisha la duka, hata kama pakiti ina picha nzuri ya mlima.

Mimi nimemaliza yangu. Mwenyekiti ananionyesha saa. Mama wa kilemba cha bluu pale nyuma, ulinyoosha mkono tangu nilipotaja figo. Simama utuambie, na kama umekuja na kile kipakti mkononi mwako, kipitishe mbele tukitazame kama ni chia au tukmaria.